Kufundisha kwa Maigizo Darasani: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Igizo likitajwa shuleni, wengi hufikiria siku ya wazazi: watoto wachache wenye sauti kubwa wamekariri mistari, wengine wamepangwa nyuma wasimame tu, na mwalimu amejibanza pembeni akiwanong'oneza wanaosahau. Onyesho la namna hiyo lina raha yake, ila silo ninalolizungumzia hapa. Mwongozo huu unahusu maigizo yanayofanyika ndani ya kipindi cha kawaida cha hesabu, sayansi, lugha au historia, bila jukwaa, bila maleba na bila mgeni wa kutazama. Anayeigiza ni darasa zima. Kinachotafutwa ni mtoto aingie ndani ya hali fulani, alazimike kuamua jambo akiwa humo, kisha atoke aeleze ameamua nini na kwa nini. Akifika hapo, maarifa ya somo anayahitaji sasa hivi, hangoji siku ya mtihani.

Hatua nimezipanga kwa mfuatano ambao ningemshauri mwalimu anayeanza aufuate: utulivu kwanza, mwendo baadaye, mazungumzo ya papo kwa papo mwisho. Mara nyingi mambo hufanywa kinyume. Watoto huambiwa "jigaweni makundi mtunge igizo," na dakika kumi baadaye darasa zima linapigana mapanga ya hewani. Hapo watoto hawana kosa. Wamepewa kazi ngumu kuliko zote kabla ya kufundishwa zile nyepesi.

Hatua ya 1: Tafuta mahali penye uamuzi ndani ya mada

Fungua mada unayoifundisha wiki ijayo na ujiulize: ni wapi humu ambapo mtu anapaswa kuchagua, au kitu kinabadilika hali, au pande mbili hazielewani? Igizo linaingilia hapo. Katika historia inaweza kuwa usiku ambao familia inaamua kuhama au kubaki. Katika hadithi ni pale mhusika anaposimama mlangoni, mkono umeinuliwa, hajagonga. Katika sayansi ni nta inapoanza kuyeyuka. Katika hesabu ni kitu kinachogawanywa na hakiwatoshi wote.

Mada isiyo na mahali kama hapo iache. Jedwali la kuzidisha, matumizi ya herufi kubwa na hatua za kugawanya kwa njia ndefu vina njia zake nzuri za kufundishwa, na kulazimisha igizo humo ni kuwapotezea watoto muda. Mwalimu anayeigiza kila kitu huchoka kabla ya katikati ya muhula, na watoto nao huacha kuliona igizo kuwa jambo la maana.

Ukishapata mahali hapo, andika lengo kwa sentensi moja ambayo unaweza kuiona au kuisikia ikitimia: "Mwanafunzi ataeleza kwa nini nta ngumu ina umbo lake na nta iliyoyeyuka haina." Kisha chagua mbinu moja ya kuigiza, mbili zikizidi. Kipindi cha dakika 40 hakibebi zaidi ya hapo ukitaka ubaki na muda wa kuzungumza, na mazungumzo ndiyo yanayofanya kazi ionekane.

Hatua ya 2: Weka ishara na makubaliano kabla ya igizo lolote

Ishara ya kuganda ndiyo breki ya somo zima. Chagua moja na usiibadilishe: makofi mawili, kengele ndogo, au neno "Ganda!" Ifundishe kama mchezo unaojitegemea, siku ambayo huna mpango wa kuigiza chochote. Watoto wanatembea papo hapo walipo, unapiga makofi mawili, wote wanaganda. Angalia miguu, kisha mikono, kisha macho. Macho hutulia mwisho, na mtoto ambaye macho yake yametulia amekwisha kuingia kazini. Rudia hadi chumba kinyamaze bila wewe kupandisha sauti. Ukianza kupiga kelele ili watoto wagande, ishara imekufa, na itabidi uifundishe upya.

Makubaliano yawe machache na yaandikwe ubaoni kwa maneno ya watoto wenyewe. Mimi husisitiza matatu. Ishara ikitoka, tunaganda, hata kama tulikuwa katikati ya sentensi. Hatugusani bila ridhaa, na pigano likihitajika linachezwa polepole, na kati ya mtu na mtu pabaki urefu wa mkono. Anayetaka kutazama kwanza anaruhusiwa, ila anapewa kazi ya kutazama: "Niambie baadaye ni nani katika kundi hili alibadilisha mawazo." Mtoto mwenye swali mkononi haketi bure, na mara nyingi ndiye anayeomba kuingia mzunguko unaofuata.

Kuhusu nafasi, usisubiri ukumbi. Madawati yanaweza kusukumwa ukutani, lakini zoezi la kuyasukuma lenyewe lifundishwe na kupimwa muda, la sivyo litakula robo ya kipindi. Pasipowezekana, chora mstari wa chaki mbele ya ubao, na eneo hilo dogo liwe ndilo la kuigizia. Darasa likiwa na watoto wengi mno, nusu wanaigiza na nusu wanatazama wakiwa na swali, kisha wanapokezana. Na yako mengi yanayowezekana bila mtu kutoka kwenye dawati: sauti, nyuso, mikono, na mazungumzo ya wawili waliokaa pamoja.

Hatua ya 3: Pasha mwili na sauti kwa dakika tano

Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Marekani aliyefanya kazi na watoto wa wahamiaji mjini Chicago kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, alibuni michezo ambayo kila mmoja una tatizo moja tu la kutatua. Mtoto anayeshughulika na tatizo husahau kujionea haya. Spolin alikuwa pia na desturi ya kutoa maelekezo mafupi mchezo ukiendelea, bila kuusimamisha. Desturi hiyo inafaa kuigwa moja kwa moja.

Chukua mchezo wa kioo. Watoto wawili wanatazamana. Mmoja anaongoza kwa mwendo wa taratibu, mwenzake anamfuata kama kivuli kwenye kioo. Tatizo la kutatua ni hili: mtu akiwatazama asijue nani anaongoza. Wewe unapita katikati ukisema tu, "Polepole zaidi. Tazameni macho, msitazame mikono." Anayeongoza kwa kasi ili mwenzake ashindwe hugundua mwenyewe kwamba ndiye anayeuharibu mchezo.

Kwa sauti, andika sentensi moja ubaoni, kwa mfano "Mlango uko wazi," na darasa liiseme kama onyo, kama habari njema, kama shutuma, kama swali. Maneno hayabadiliki, kiimbo kinabadilika, na maana nayo. Somo la alama za uakifishaji hapo limeanza bila kutangazwa.

Hatua ya 4: Picha tuli

Ningelazimika kubaki na mbinu moja tu, ningebaki na hii. Watoto katika makundi ya wanne au watano wanatengeneza kwa miili yao picha moja isiyosogea, kama foto iliyopigwa katikati ya tukio. Hakuna mistari ya kukariri na hakuna kelele, na mtoto asiyeijua vizuri lugha ya kufundishia anashiriki sawa na wenzake. Mwandishi wa tamthilia na mwongozaji wa Brazili, Augusto Boal, alitumia picha za miili namna hii nchini Peru mwaka 1973, katika mpango wa kufundisha watu wazima kusoma na kuandika ambako washiriki walikuwa na lugha za mama tofauti. Darasa lenye lugha nyingi lina tatizo hilohilo.

Wape kila kundi wakati mahususi. Ukisema "tengenezeni picha ya hadithi tuliyosoma," utapata watoto watano wamesimama kwa mstari wakitabasamu. Sema badala yake: "Tengenezeni sekunde ile ambayo mama amegundua kuwa kisanduku ni kitupu." Wape dakika tatu, si zaidi, wakipewa muda mrefu wanabishana. Kila mmoja awe mtu au kitu, na miili iwe katika vimo tofauti: mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Kanuni hiyo ya vimo peke yake huiokoa picha, maana inawalazimisha kuamua nani ana nguvu na nani hana.

Picha ikisimama, wanaotazama waulize kwanza, "Mnaona nini?" kabla ya "Mnadhani ni nini?" Acha waanze na yanayoonekana: kichwa kimeinama, mkono umenyooshwa, mmoja amewapa wengine mgongo. Kufasiri kuje baadaye. Ni utaratibu uleule wa kusoma kifungu, ushahidi kwanza na hoja baadaye.

Kisha pita polepole kati ya sanamu hizo na uguse bega la mmoja. Anayeguswa anasema kwa sauti wazo moja la mhusika wake, sentensi moja, na kunyamaza. Mtoto aliyekuwa "mlango tu" atasema kitu kama, "Nimeona kila aliyeingia, lakini hakuna anayeniuliza." Usimsifu kupita kiasi, gusa bega linalofuata. Mwishowe waombe picha ya pili, dakika tano baadaye katika hadithi, na wahame kutoka ya kwanza hadi ya pili kwa hesabu kumi za polepole. Hapo mwendo umeingia darasani kwa adabu.

Sayansi inanufaika na mbinu hii kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme watoto ni chembe za nta. Nta ngumu: wamebanana bega kwa bega, kila mmoja anatetemeka mahali pake. Ikiyeyuka: wanapishana wakiendelea kugusana, hakuna mwenye mahali pa kudumu. Ikiwa mvuke: wametawanyika hadi mipaka ya eneo, kila mmoja njia yake. Sasa tazama kwa makini unaposema "joto linaongezeka." Wako watakaojivimbisha, wapanue mikono na kujaza mashavu hewa. Umeiona dhana potofu kwa macho yako: wanadhani chembe zenyewe zinanenepa. Gandisha darasa na uulize, "Chembe imekuwa kubwa, au imeenda mbali na mwenzake?" Wanajibu kwa kujirekebisha miili. Na yule aliyesimama kama nguzo katika nta ngumu akumbushwe kwamba hata humo chembe hutetemeka. Nimetaja nta kwa makusudi. Maji yana tabia ya pekee, yakiganda huchukua nafasi kubwa zaidi, ndiyo maana barafu huelea, na jambo hilo litawachanganya watoto wanaokutana na chembe kwa mara ya kwanza.

Hatua ya 5: Vaa uhusika wewe mwenyewe

Walimu wengi hapa ndipo husita, na hapa ndipo darasa hubadilika kabisa. Dorothy Heathcote, aliyezaliwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1926, aliacha shule akiwa na miaka 14 na kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Baadaye akawa mhadhiri wa walimu mjini Newcastle bila kuwa na shahada. Yeye ndiye aliyeonyesha kwa upana kuliko mwingine yeyote kwamba mwalimu anaweza kuliongoza somo akiwa ndani ya igizo pamoja na watoto, badala ya kusimama nje akitoa amri.

Chagua kitu kimoja kinachoonyesha umevaa uhusika: kofia, kitambaa begani, kitabu cha kumbukumbu mkononi. Waambie watoto wazi, "Nikivaa kofia hii mimi ni mtu mwingine. Nikiivua, ni mwalimu wenu." Watoto wa darasa la kwanza na la pili wanauhitaji uwazi huo kuliko unavyofikiri.

Uamuzi mkubwa ni wa cheo. Ukijifanya mfalme au mkurugenzi, watoto watatii au watagoma, na vyote viwili tayari wanavifanya kila siku. Chagua mtu wa katikati au wa chini: mjumbe, msaidizi mpya, jirani aliyepotelewa na kitu, mtu ambaye hajui jambo ambalo watoto wanalijua. Mjumbe ana faida kubwa mno. Anaweza kusema "sijui, mimi nimetumwa tu," na mzigo wa kufikiri ukabaki kwa watoto. Anaweza pia kuondoka "kwenda kuuliza" pale unapohitaji dakika moja ya kupanga.

Usibadilishe sauti iwe ya kuchekesha, wala usitembee kama katuni. Zungumza taratibu na uwe mkweli ndani ya jambo lenyewe. Watoto hupima upesi kama umemaanisha, na wakiona umemaanisha, nao wanamaanisha.

Hatua ya 6: Somo zima, dakika kwa dakika

Huu ni mfano wa vipindi viwili kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na mmoja, unaounganisha hesabu, lugha na uraia. Watoto wanakuwa wahandisi wa maji. Heathcote aliuita mpangilio huu joho la mtaalamu: darasa linapewa heshima na wajibu wa watu wenye ujuzi, na mteja mwenye shida anabisha hodi.

Kipindi cha kwanza kianze kwa dakika tano za kujenga ofisi. Nani anashughulika na mabomba? Nani anapima? Kila mmoja anaganda akiwa kazini. Vaa kofia, toka nje, ubishe.

"Samahani kwa kuwakatiza. Nimeelekezwa kwamba hapa ndipo kwa wahandisi wa maji. Nimekosea?"

Kisha nyamaza. Usijaze ukimya huo. Atatokea mtoto mmoja atakayejibu, "Hujakosea, karibu," na kwa sentensi hiyo ameikubali kazi kwa niaba ya wote. Endelea: "Chemchemi yetu imekauka. Tangi lina lita 600 tu, na fundi hatafika hadi zipite siku tano. Nimeagizwa nirudi na mpango, na hesabu zenyewe zinanipiga chenga." Wape karatasi yenye mahitaji ya kila siku: zahanati lita 50, shule lita 40, mwoka mikate lita 30, mfugaji lita 45. Acha wakokotoe kwa makundi. Usiwape kanuni. Wataona kuwa kwa siku wana lita 120, mahitaji ni lita 165, na pengo ni lita 45.

Na hapo pana mtego uliowekwa kwa makusudi. Pengo linalingana kabisa na maji ya mfugaji, kwa hiyo makundi mengi yatamfuta yeye na kutangaza kuwa kazi imekwisha. Kama mjumbe, andika mpango huo kwa unyenyekevu, sema "asanteni, nitaupeleka," na uondoke. Kipindi kinaishia hapo, na mjadala wanaondoka nao.

Kipindi cha pili kianze na kiti cha maswali: mmoja anaketi mbele akiwa mhusika, na darasa linamuuliza. Mfugaji amekuja. Mzunguko wa kwanza kaa wewe, ili waone namna ya kujibu ndani ya uhusika. Wa pili akae mtoto anayejitolea. "Nina mbuzi tisa. Kila mmoja lita tano kwa siku. Niambieni nimfunge kamba yupi asinywe." Wahandisi wanauliza: Mbuzi wanaweza kuhamishwa? Maziwa yao hunywewa na nani? Je, zahanati huyanunua? Jibu kwa namna inayofungua hesabu upya. Ukijibu kwamba maziwa huenda shuleni, lita 40 za shule na lita 45 za mfugaji zinakuwa jambo moja.

Makundi yarekebishe mpango. Kisha panga mistari miwili inayotazamana, na mwakilishi mmoja atakayetia saini apite katikati polepole. Kila anayempita anamwambia kwa sauti ya chini sababu moja: upande huu wa kutia saini, upande ule wa kukataa. Mtu akirudia sababu ya mwenzake si neno; sababu iliyorudiwa mara nyingi ina uzito wake. Akifika mwisho anaamua na kusema kwa nini.

Mjumbe anarudi, anapokea mpango, anauliza swali moja: "Msimamizi wa zahanati akiniuliza kwa nini amepunguziwa maji, nimjibu nini?" Watoto wanaandika barua. Uandishi huu hauhitaji kubembelezwa, kwa kuwa yuko mtu anayengoja jibu, na hesabu inabidi ionekane ndani yake.

Funga kwa kuvua uhusika: wote wasimame, wakung'ute mikono, kila mmoja ataje jina lake halisi na somo linalofuata. Usiruke jambo hili hata kama kengele inakaribia. Kisha uliza: Nani aliumia zaidi katika mpango wenu? Mlijuaje? Kuna hesabu iliyokuwa sahihi na uamuzi ukawa si wa haki?

Usomaji wa kuigiza, kwa siku zisizo na nafasi

Hapa watoto wanasoma karatasi mkononi, hawakariri. Faida yake inajulikana vizuri: kusoma kifungu kilekile kwa sauti mara kadhaa kunajenga ufasaha, na igizo linampa mtoto sababu ya kurudia bila kuona ni adhabu. Chukua aya ya kitabu cha kiada na uigeuze mazungumzo. Kwa somo la mimea:

MZIZI: Nimepata maji huku gizani. Nani anayataka?
JANI: Mimi! Jua limewaka, hewa ninayo, maji tu ndiyo yamepungua.
SHINA: Subiri, nayapandisha.
JANI: Yamefika. Sukari inatengenezwa.
MZIZI: Na mimi huku chini nisikofikiwa na mwanga, nitakula nini?
SHINA: Sukari nayo nitakushushia.

Mistari sita inatosha kuonyesha kwamba shina hupitisha vitu juu na chini, jambo ambalo michoro mingi haikazii. Msomaji anayekwama mpe mstari wa pamoja na mwenzake, au kiitikio cha darasa zima. Wakishazoea, waandike miswada wenyewe. Mtoto akiweza kuigeuza aya kuwa mazungumzo bila kupotosha ukweli wake, ameielewa.

Mwenye haya, mwenye vurugu, na asiyeweza kusimama

Mtoto mwenye haya usimsukume mbele. Mpe kikaragosi cha soksi au cha karatasi azungumze kupitia hicho, au uhusika wa kundi, au kazi ya ishara ya kuganda. Mwenye vurugu mara nyingi anahitaji wajibu zaidi, si mdogo: mpe uhusika wenye jambo la kulinda, kwa mfano mwenye funguo za tangi. Akivunja makubaliano, gandisha wote, vua kofia, zungumza naye kama mwalimu, kisha rudini. Adhabu isitolewe na mhusika, hata kidogo, maana mtoto hatajua ni nani amemkasirikia.

Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au asiyesikia vizuri afikiriwe wakati wa kupanga, si baada ya kuanza. Vimo vya picha tuli vinaweza kuonyeshwa kwa mikono na uso. Ishara ya kuganda iwe ya kuonekana pia, kama kuzima taa au kuinua kitambaa cha rangi kali. Kwa mtoto anayesumbuliwa na kelele na mabadiliko ya ghafla, mweleze mapema kitakachotokea na kitaishaje.

Yasiyofaa kuigizwa

Usiwagawe watoto kuwa watumwa na mabwana, wauaji na wauawa, au wafungwa na walinzi. Huwezi kuyafikia mateso ya kweli kwa dakika 40 za darasa la nne. Utapata ama kicheko, ama mtoto aliyeumizwa, na anayeumia huwa ni yule ambaye historia hiyo ni ya ukoo wake. Mada hizo zina njia nyingine: barua, vitu vilivyoachwa, picha tuli ya watu wanaosoma habari miaka mingi baadaye. Vivyo hivyo usimpe mtoto uhusika unaofanana na machungu ya nyumbani kwake. Kabla ya kupanga igizo la msiba, la talaka au la njaa, wapitie watoto wako kichwani mmoja mmoja.

Namna ya kutathmini

Usimpe alama mtoto kwa kuigiza vizuri. Pima lengo la somo: barua ina hesabu sahihi? Maelezo ya chembe yametaja nafasi kati yao? Pamoja na hayo, andika mambo mawili ya ushiriki: je, alimsikiliza mwenzake kabla ya kujibu, na je, alitoa sababu. Katika kila kipindi chagua watoto watano tu wa kuwaangalia kwa karibu, wengine wafuate vipindi vijavyo. Mwalimu anayejaribu kumwandika kila mmoja haoni yeyote.

Wiki sita za kuanzia

Wiki ya kwanza fundisha ishara na mchezo wa kioo tu. Ya pili, picha tuli kutoka hadithi ambayo darasa tayari linaijua. Ya tatu, picha tuli tena, safari hii kwenye somo la sayansi, na uongeze kugusa bega. Ya nne, usomaji wa kuigiza, ili upumzike na uone nani sauti yake imefunguka. Ya tano, vaa uhusika kwa dakika tano tu: mjumbe anabisha hodi, anauliza swali moja linalohusu mada, anaondoka, nawe unarudi bila kofia na kuwauliza watoto ni nani alikuja na alitaka nini. Ya sita, somo la vipindi viwili. Liweke asubuhi kama ratiba inaruhusu, na mwalimu wa chumba cha jirani mwambie mapema, kwa sababu pale mfugaji atakapoketi kwenye kiti cha maswali sauti zitapanda.